Nanyama Hakuitukana Nyumba Yake

Ukitoka soko la Kitale ukafuata njia ya nyuma, ile yenye mafundi wa viatu na akina mama wa mahindi choma, utapita nyumba ndogo ya vyumba vitatu yenye paa jekundu na geti la kijani. Huwezi kuikosa, maana mlio wa cherehani haukauki hapo. Anayekanyaga cherehani hiyo anaitwa Nanyama. Kama una mtoto aliyesoma shule za karibu na hapo, huenda umewahi kulipia kola au pindo aliloshona yeye bila kulijua jina lake.

Nataka niwaeleze jinsi nyumba hiyo ilivyokuwa yake. Ndani ya habari hii mna ushuru, na najua neno hilo likitajwa watu huanza kutafuta viatu vyao. Kaeni kidogo. Ushuru wenyewe si mgumu. Kilichokuwa kigumu ni mambo ya watu.

Nanyama ni mtu wa Chwele, kule Bungoma. Alikuja Kitale miaka ishirini na miwili iliyopita, mjane mwenye binti mmoja mgongoni, Nelima, na cherehani imefungwa kamba juu ya pikapu ya vitunguu. Nyumba akapanga kwa Bimla, mama wa Kihindi ambaye yeye na mumewe walikuwa na duka la vitambaa kwenye barabara kubwa. Bimla naye ni mzaliwa wa Kitale. Kiswahili chake ni kile cha kaunta, lakini hakosi neno analolitaka. Kila tarehe mosi alikuja kuchukua pesa ya nyumba, na alikuja vile mwenye mali anavyokuja: anasukuma geti, anapita mlangoni, anaita akiwa tayari katikati ya chumba, "Nanyama, iko?" Hodi hakupiga hata siku moja. Nanyama hakumlaumu kwa hilo. Nyumba si ilikuwa yake?

Urafiki wao ulianzia kwenye uzi na vifungo, ukakaa hapo miaka mingi bila kujitangaza. Nanyama alimwita Mama Rina, kwa jina la binti wa Bimla, na akamshonea blauzi za kuvalia sari. Halafu ukaja ule mwaka wa korona. Shule zikafungwa, hakuna mtoto aliyehitaji sare, na Nanyama akakosa pesa ya nyumba miezi saba. Bimla hakuja kuuliza. Katika miezi hiyohiyo mumewe Bimla akafariki, na kwa amri za wakati ule waliomsindikiza walihesabika kwa vidole. Basi kila asubuhi Nanyama alipeleka chupa ya maziwa na fungu la mboga mpaka kwenye geti la Bimla, amevaa barakoa aliyojishonea, akasimama nje. Siku nyingine waliongea. Siku nyingine walisimama tu, mmoja ndani, mmoja nje, mpaka maziwa yakapoa.

Kwa hiyo mwaka huu tunaouzungumzia, elfu mbili na ishirini na nne, Bimla alipofikisha miaka sabini na tisa na nyonga zikamkataa, na Rina akasema mwisho wa Agosti anamchukua wakakae wote Nairobi, mtu wa kwanza kuambiwa alikuwa Nanyama. Bimla aliingia kama kawaida yake, akaketi kwenye kiti cha wateja, akatazama kuta.

"Hii nyumba nauza kwa wewe," akasema. "Milioni moja na laki mbili."

Nanyama akaacha kukanyaga. Nyumba ya jirani, ndogo kuliko hiyo, ilikuwa imeenda kwa zaidi ya milioni mbili. "Mama Rina, hiyo si bei ya Kitale."

"Bei ya Kitale ni ya watu ya Kitale. Hii ni bei yako."

Sitawachosha na jinsi Nanyama alivyozipata hizo pesa. Kulikuwa na sacco, kulikuwa na chama cha akina mama, na kulikuwa na miaka ishirini ya kutonunua kochi. Alizipata. Ila ndani ya moyo wake mlikuwa na jambo lililomkosesha raha kuliko pesa, na hilo lazima nilieleze, la sivyo hamtaelewa kwa nini alihangaika vile.

Baba yake alinunua shamba pale Chwele, Nanyama akiwa mtoto. Alinunua vile watu walivyonunua zamani zile. Wazee wakaitwa, mpaka ukatembewa kwa miguu, jogoo akachinjwa, na aliyeuza akala firigisi mbele ya watu wote. Kwa watu wa kwao, aliyekula firigisi yako kwenye ardhi aliyokuuzia hawezi tena kuidai. Karatasi ilikuwapo, ndiyo, ukurasa wa daftari wenye alama za vidole gumba. Lakini ofisini hati ilibaki na jina la yule mzee. Hakuna aliyekwenda kuhamisha, hakuna aliyelipa ushuru, kwa sababu kila mtu alikuwa ameshiba. Mzee akafa. Wanawe wakaja na hati. Nanyama alikuwa na miaka kumi na minne siku walipoondoka pale, amebeba sufuria kichwani, na baba yake amebeba ule ukurasa wa daftari.

Sasa mnaona. Bimla alikuwa mzee, alikuwa anaondoka, na alikuwa na ugonjwa wa moyo. Nanyama alitaka jina lake liwe kwenye hati ilhali Bimla bado anaweza kuisoma kwa macho yake.

Kakake Nanyama, Kizito, anayelima vitunguu na mahindi Chwele, ndiye aliyejitolea kumwelekeza. Yeye aliwahi kununua ekari moja kwa njia ya ofisini, kwa hiyo katika ukoo wao alikuwa ndiye bingwa wa ardhi. Akamwambia kwa simu kwamba mnunuzi hulipa serikali ushuru wa stempu kabla jina halijabadilishwa, na kwamba ushuru huo ni shilingi mbili kwa kila mia. Nanyama akapiga hesabu juu ya milioni moja na laki mbili, akapata elfu ishirini na nne. Akaziweka kwenye bahasha, bahasha akaitia ndani ya droo ya cherehani, chini ya bobini. Roho ikatulia.

Mwishoni mwa mwezi wa saba wakatia sahihi mbele ya wakili, Bimla kwa kalamu yake ya wino, kisha Nanyama kwa kalamu hiyohiyo. Karani wa wakili huyo aliitwa Kemboi, kijana mwembamba mwenye subira ya mtu aliyezoea kueleza jambo moja mara tatu. Akamwambia Nanyama kwamba kuanzia siku ile ya sahihi ana siku thelathini za kulipa ushuru, zikipita ni faini juu yake, na bila ushuru msajili wa ardhi haigusi hati. Akaongeza kwamba kabla ya malipo mthamini wa serikali atakuja kuiona nyumba.

"Kuiona ya nini, na bei tumeandika?" Nanyama akauliza.

"Serikali hutaka kujua nyumba ni ya thamani gani, mama. Bei ni yenu. Thamani ni yao. Ile kubwa kati ya hizo mbili ndiyo hutozwa."

Nanyama alilisikia hilo, lakini lilipita kama gari la mtu mwingine. Neno lililobaki masikioni lilikuwa moja: mgeni anakuja kuiona nyumba.

Na kwa Nanyama, mgeni akija kuiona nyumba, unafanya vile unavyofanya wakwe wakija kumwona binti. Akanunua chokaa akapaka kuta za nje. Akamwita fundi akanyoosha bawaba ya geti iliyolegea tangu Nelima akiwa darasa la nne. Akapanda maua ya njano kwenye mikebe. Akashona mapazia mapya usiku na mchana. Jogoo akafungwa mguu nyuma ya jikoni.

Jirani yake Peris, anayeuza nyanya na asiyeogopa kusema, alipoyaona hayo alishika kiuno. Akamuuliza kama amerogwa. Watu wenye akili, Peris akaeleza, mthamini akija huvua mapazia, huingiza kuku sebuleni, husema paa linavuja na maji hayaji tangu Pasaka. Nyumba ikionekana duni, ushuru unakuwa duni.

"Mama Nelima, si ni siku moja tu. Iseme vibaya leo, kesho uipambe."

Nanyama akamwambia hawezi. "Hii nyumba imenilelea mtoto. Nikiitukana mbele ya mgeni, kesho nitaingia ndani yake na uso gani?"

Peris akacheka, akasema basi na alipie huo uso.

Mthamini alikuja siku ya Ijumaa na gari la serikali lenye vumbi. Alikuwa mwanamke wa umri wa Nelima, anaitwa Phelista, amevaa viatu vya raba na kubeba ubao wa kuandikia. Nanyama alimpokea kwa mikono miwili. Akamzungusha chumba kwa chumba, na hakuacha kitu. Akamwonyesha ukuta usio na ufa hata mmoja. Akafungua bomba ili asikie nguvu ya maji. Akamwambia paa halijawahi kuvuja tangu lilipobadilishwa, na kwamba mvua kubwa ya mwaka ule iliyoingia kwa majirani wote, kwake ilibisha tu ikaenda zake. Kila alilosema, Phelista aliandika. Nyuma ya ua, kupitia tundu la mabati, Peris alikuwa anasikiliza huku ameshika kichwa.

Nanyama alipomleta jogoo mkononi ili achinjwe kwa heshima ya mgeni, Phelista akakataa.

"Mama, siwezi kula hapa. Nikila, watasema umeninunua."

"Jogoo huyu? Ati nikununue na jogoo?"

"Hata chai siwezi, mama. Nisamehe."

Akaondoka bila hata kunawa mikono, na Nanyama akabaki mlangoni ameduwaa, kama mama wa binti ambaye wakwe wamemwangalia wakanyamaza.

Baada ya siku nne Kemboi akampigia simu aende ofisini. Karatasi ilikuwa mezani. Serikali ilisema nyumba ni ya milioni mbili na nusu. Na ushuru, Kemboi akasema kwa sauti ya chini, ni laki moja.

Nanyama alikaa. Akasema kuna makosa, kakake alilipa mbili kwa mia. Kemboi akageuza karatasi, akachora duara mbili upande wa nyuma. Kwenye moja akaandika shamba, kwenye nyingine akaandika mji.

"Kaka yako alinunua wapi?"

"Chwele."

"Shamba la kulima?"

"Ndiyo."

"Basi yeye alisema ukweli. Shamba la nje ya mji ni mbili kwa mia. Hapa ni ndani ya manispaa, mama. Hapa ni nne."

Kisha akamweleza lile la pili, ambalo alikuwa amelieleza mwanzo. Angelipa nne kwa mia ya bei yao, ingekuwa elfu arobaini na nane tu. Lakini Bimla alimpunguzia mno. Serikali haikukataza mtu kumuuzia rafiki yake kwa bei ya huruma, ila ushuru hutozwa kwa thamani ya soko, kwa sababu wako wengi wanaoandika bei ndogo kwenye karatasi na kupeana nyingine chini ya meza. Ofisi haina namna ya kuupambanua urafiki wa kweli na ule wa uongo, kwa hiyo haiangalii urafiki.

Nanyama akauliza jambo lililokuwa likimuuma. "Ni ile chokaa? Ni mapazia?"

Kemboi akatabasamu kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemuuliza mthamini mwenyewe. Phelista alikuwa amesema hajawahi kuona nyumba inasifiwa hivyo na mtu anayeinunua, lakini kilichopimwa ni ploti, upana wake, barabara iliyo karibu, na nyumba za pale zimeuzwa kwa bei gani. Hata kuku wangelala sebuleni, hesabu ingekuja karibu na hapohapo.

Hilo lilimfariji kidogo, lakini faraja haijazi bahasha. Alikuwa na elfu ishirini na nne ndani ya droo. Siku zilizobaki zilikuwa ishirini na mbili. Sacco ilikuwa imeshampa mpaka ukomo wake, na mwisho wa mwezi Bimla angekuwa njiani kwenda Nairobi. Alirudi nyumbani kwa miguu, akazungukia mbali ili asipite kwa Peris.

Habari hizi zilimfikia Bimla, maana Kitale ni mji lakini midomo yake ni ya kijiji. Akaja asubuhi yake. Akasukuma geti, safari hii likafunguka bila kulia, akaingia na kuketi kwenye kiti cha wateja. Alikuwa ameshika mkoba mapajani kwa mikono yote miwili.

"Mimi nataka kusaidia," akasema. "Sasa nimeumiza wewe."

"Hujaniumiza, Mama Rina."

"Hii laki natoa mimi. Maneno kwisha."

Akafungua mkoba. Nanyama akaweka mkono wake juu ya mkono wa yule mzee, akaufunga mkoba taratibu, kama mtu anayefunika chakula.

"Yako umeshanipa. Hii ya serikali wacha nitoe mimi. Baba yangu alikuwa na shamba lisilo na risiti, Mama Rina. Hii nyumba nataka iwe na risiti, na niwe nimeilipa mimi."

Bimla akauweka mkoba pembeni. Hakukasirika, ingawa macho yalikuwa mekundu. Alitazama cherehani, akatazama vipande vya sare vilivyobaki sakafuni, rangi ya buluu na kijivu, kazi ya mwezi wa nane ambayo kila fundi anajua ni haba. Kisha akauliza, kama mtu anayebadilisha mazungumzo, kama si huu ndio mwaka wa tohara kwa watu wa Bungoma.

Ndio ulikuwa mwaka wa tohara. Kwa Wabukusu, ambao ndio watu wa Nanyama, vijana hutahiriwa mwezi wa Agosti, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, na wakati huo hakuna boma linalokaa kimya. Na siku hizi, hakuna mama wala shangazi wa kijana anayekubali kucheza bila kitenge cha sare na wenzake.

Katika duka la Bimla, lililokuwa limefungwa tangu Juni, kulikuwa kumebaki marobota kumi na moja ya kitenge ambayo Rina alitaka kuyauza kwa jumla. Bimla akasema ayachukue. Si zawadi. Akishona na kuuza, arudishe bei ya kununulia, faida ni yake. Biashara ni biashara, akasema, na hapo sauti yake ikawa tena ile ya kaunta ambayo Kitale nzima iliijua.

Biashara Nanyama aliweza kuikubali.

Kizito alikuja kumchukua na pikapu ya vitunguu. Alipoambiwa habari ya mbili na nne, alikuna kisogo mpaka ikatia huruma. Akajitetea kwamba yeye alidhani serikali ni moja. Nanyama hakumgombeza. Alimpa tu jina. Kwa majuma mawili na zaidi, pale Chwele alipoiweka cherehani yake kwenye kibaraza cha duka karibu na soko, kila mtu alimsikia akiita, "Wewe Mbili, leta makaa ya pasi," na "Mbili, pima huyu shangazi kifua, au hapo pia unajua nusu?" Kizito akaleta makaa, akabeba maji, akawa anaita wateja kwa sauti kubwa kuliko wauza mbuzi. Wateja walikuja. Walikuja kwa makundi ya nane, ya kumi, wakibishana juu ya shingo ya mviringo na shingo ya pembe, na Nanyama akawashonea kuanzia jua linapochomoza, mguu ukiwa umevimba ndani ya kandambili.

Jioni moja walipokuwa wakila, Kizito akasema jambo kwa upole. Hata akilipa huo ushuru, akasema, kuna kitu kitapungua. Bimla hali nyama. "Karatasi ni ya serikali, dada. Firigisi ni ya watu. Huyo mama atakuachia nyumba namna gani?"

Nanyama akasukuma sahani yake pembeni. Alikuwa amelifikiria hilo peke yake, kila mshono.

Siku ya ishirini na nane tangu sahihi, alirudi Kitale. Alipita kwanza kwa Bimla akampa pesa ya marobota, Bimla akazihesabu mpaka ya mwisho, kwa heshima. Kisha akaenda kwa Kemboi. Kemboi akamchapia karatasi ya malipo, akaandamana naye mpaka benki iliyo mkabala, wakapanga foleni pamoja nyuma ya wakulima wa mahindi. Risiti ilipotoka, Nanyama aliisoma akiwa bado amesimama dirishani, mpaka mtu wa nyuma akakohoa. Jina lake lilikuwa pale, majina yote matatu. Laki moja. Aliuliza kama anaweza kupewa nakala ya pili ya kuweka nyumbani. Kemboi akampa tatu.

Rina alikuwa na haraka, lakini Bimla alikataa kuondoka. Mwisho wa Agosti ukapita, akiwa ameketi kati ya masanduku yaliyofungwa, akisema nyonga zinauma, hawezi gari. Zilimuuma mpaka katikati ya Septemba, siku Kemboi alipopiga simu kusema hati imetoka. Siku hiyo zikapoa.

Jumamosi iliyofuata Nanyama akapika. Kizito alikuja kutoka Chwele na mkewe, Nelima akaja, Peris akaja na nyanya zake na maneno yake. Jogoo yule aliyenusurika na mthamini hakunusurika tena. Kwa ajili ya Bimla kulikuwa na kunde, mrenda, na maharagwe ya nazi aliyojifunza kwa Bimla mwenyewe, kwenye sufuria mpya ambayo haijawahi kuguswa na nyama. Hati ilikuwa juu ya meza ya cherehani, ndani ya karatasi ya nailoni, na juu yake kikebe cha bobini ili isipeperuke.

Saa saba wakasikia gari la Rina. Wakasikia mkongojo kwenye kokoto. Halafu wakasikia kimya.

Nanyama alisubiri geti lisukumwe. Halikusukumwa. Akatoka mpaka mlangoni akiwa na mwiko mkononi, na kupitia vyuma vya geti akamwona Bimla amesimama nje, amevaa sari ya hudhurungi ambayo blauzi yake Nanyama aliishona miaka tisa iliyopita. Mkono wake ulikuwa umeinuliwa, haujagusa chuma. Rina alikuwa nyuma yake, ananyoosha mkono afungue, na mama yake akamzuia kwa kiwiko.

"Hodi," akasema Bimla.

Nanyama akashusha mwiko. Miaka ishirini na miwili neno hilo halikuwahi kupita hapo kutoka kwa mtu huyo.

Bimla akangoja. Akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, kama mtu anayeogopa kwamba hajasikika, "Hodi, mwenye nyumba."

"Karibu," Nanyama akasema. "Karibu, Mama Rina. Karibu ndani." Akaenda mwenyewe kumfungulia.

Walipoketi, Kizito, kwa kuwa yeye ndiye mwanamume mkubwa pale na desturi ina wenyewe, aliweka firigisi kwenye kisahani akakisogeza mbele ya Bimla, akaeleza maana yake. Alieleza vizuri, na alieleza pia kwamba wanajua hali, wanamwonyesha tu. Bimla alisikiliza mpaka mwisho. Akakishika kisahani kwa mikono miwili, akakitazama, akakisogeza kwa Nanyama.

Kizito akakohoa. Kwao wanawake hawali firigisi. Mkewe akamkanyaga mguu chini ya meza, kila mtu akaona.

"Mimi nimeuza, mimi nasema nani atakula," Bimla akasema. "Kula, Nanyama. Nyumba si yangu."

Nanyama akala. Alikuwa na miaka hamsini na sita na hakuwa amewahi kujua ladha yake. Alitafuna polepole, huku wote wakimtazama, na Peris ndiye aliyeshindwa kuvumilia akauliza ikoje.

"Ngumu kidogo," Nanyama akasema. Akameza, akafuta macho kwa kanga, akamsogezea Bimla sufuria ya maharagwe. "Lakini inaenda."